Punguzo la Baiskeli Liwe na Sababu

Kila Ramadhani iingiapo kumi la mwisho, maduka ya baiskeli katika miji yetu ya mwambao hubadilika sura. Baiskeli za watoto hutolewa nje zikapangwa barazani, nyekundu, samawati na za rangi ya waridi, na vishada vya plastiki vyaning'inia kwenye mikono ya usukani. Juu yake hutundikwa kibao cha "Bei ya Idd", na chini ya maneno hayo huandikwa bei mbili: moja imekatwa kwa mstari, na ya pili imeandikwa kwa wino mwekundu. Wazazi hupita hapo na watoto wao wakitoka kununua nguo na viatu, na mtoto akisimama mbele ya baiskeli ile hang'oki. Yanayofuata, ndugu msomaji, wayajua, kwani kila mzazi ameyapitia.

Mimi sina ugomvi na furaha ya mtoto siku ya Idd, wala sina ugomvi na mfanya biashara atafutaye riziki yake. Nililo nalo leo ni swali moja, nami nataka tuliulize sote tusimamapo mbele ya kibao kile: punguzo hili lina sababu gani? Bei haishuki yenyewe kama embe lililoiva. Ikishuka, pana kitu kilichoishusha, na kitu hicho ndicho cha kujulikana kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Msimu ni nini?

Neno hili msimu tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na mabaharia wa Ulaya nao walilichukua, hata jina waziitalo pepo za Bahari ya Hindi limetoka humo humo. Kwa watu wa pwani, msimu tangu hapo ulikuwa ni upepo na biashara pamoja. Kaskazi ilipovuma, kuanzia mwezi wa Disemba, majahazi yalishuka kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakatia nanga Lamu, Mombasa na Unguja yakiwa na tende, samaki wa chumvi na mazulia. Kusi ilipoanza, yalirudi kwao na boriti za mikoko. Vyombo vingi vikiingia kwa pamoja, bei ya tende ilishuka, na kila mtu mjini alijua ni kwa nini: tende zilikuwa tele. Vyombo vikisha kuondoka, bei ilipanda, na hilo nalo halikuhitaji maelezo. Aliyetaka kujua sababu alikwenda bandarini akaiona kwa macho yake.

Hiyo ndiyo bei ya msimu iliyo ya kweli. Mwenye duka la baiskeli naye aweza kuwa na sababu kama hiyo. Huenda shehena mpya imefika na ghala limejaa. Huenda zile za mwaka jana zimebakia na rangi yake haipendwi. Huenda katoni iliingia maji na kitako kikafanya madoa. Zote hizi ni sababu za halali, na mwenye kuzisema hapunguzi heshima yake hata chembe. Lakini ikiwa bei ile iliyokatwa kwa mstari haijapata kulipwa na mtu yeyote, na iliandikwa jana ili ikatwe leo, basi hapo hapana msimu. Pana wino mwekundu tu.

Baiskeli na fundi wake

Baiskeli haikuingia pwani kama kitu cha mchezo. Ilibeba mikate alfajiri, ikabeba samaki kutoka ufuoni, ikabeba madafu, na ikampeleka mwalimu kazini na fundi kwenye kazi yake. Iliyotawala ni ile nyeusi nzito ya chuma: kwanza Raleigh za Nottingham, Uingereza, kisha Hero za Ludhiana, India, kiwanda kilichoanza mwaka 1956, na Phoenix za Shanghai, China. Wakenya waliipa aina hiyo jina la Black Mamba. Kule Busia mpakani, baiskeli yenye kiti cha abiria nyuma ilizaa neno boda boda, ambalo pikipiki zimelirithi hata vijana wengi hawajui kwamba mwenye jina hasa ni baiskeli. Raleigh wenyewe waliacha kuunda baiskeli Nottingham mwaka 2002, walakini hizo nyeusi za zamani bado utazikuta zikipita Kilifi na Kwale na gunia la makaa nyuma.

Ubora wa baiskeli ile haukuwa wepesi wala uzuri. Ubora wake ulikuwa kwamba kila kipuri chake kilijulikana. Tairi ilikuwa moja, mnyororo mmoja, na fundi aliyekaa chini ya mwarobaini na beseni la maji la kutafutia pancha aliweza kuitengeneza akiwa amefumba macho. Duka lililouza baiskeli ndilo lililouza njiti, gololi, raba za breki na viraka, na fundi alikaa mlangoni pake. Aliyenunua baiskeli alimnunua na fundi pamoja.

Leo mambo yamechanganyika. Pana mpya kutoka China na India, pana za mitumba kutoka Ulaya na Ghuba, pana zenye gia na zenye springi mbele na nyuma. Hapa yafaa msomaji ajue jambo moja dogo litakalomwokoa na hasara. Tairi ya Black Mamba huitwa 28, na tairi ya baiskeli nyingi za Ulaya nayo huitwa 28. Moja hukaa kwenye rimu ya milimita 635 na nyingine kwenye rimu ya milimita 622, na haiingii moja mahali pa nyenziwe hata ukiipiga kwa nyundo. Zile ziitwazo 26 pia si sawa: za kupandia milima ni 559, na baadhi ya zile nyembamba za zamani ni 590. Namba hizi zimechapwa ubavuni mwa tairi. Baiskeli ya mtumba iliyopunguzwa bei kwa nusu, ilhali tairi yake haipatikani mji mzima, haikupunguzwa kitu. Bei yake ya pili itadaiwa siku tairi itakapopasuka.

Kinachokatwa ni nini?

Sasa nije kwenye kiini cha maneno yangu. Baiskeli mpya haifiki dukani ikiwa tayari kupandwa. Hufika ndani ya katoni, gurudumu la mbele limetolewa, usukani umelazwa, pedeli zimo ndani ya mfuko. Fundi ndiye aifanyaye kuwa baiskeli. Hukaza njiti mpaka rimu iende sawa bila ya kuyumba. Hurekebisha gololi za ekseli zisibane wala zisilegee. Huvuta waya wa breki, hupaka grisi, huingiza pedeli akijua kwamba ya kushoto hukazwa kinyume na ya kulia, na ukiilazimisha huharibu uzi wake. Kazi hii ikifanywa kwa makini hula muda mwingi.

Basi fikiri, usiku wa kuamkia Idd, duka limeuza baiskeli thelathini na fundi ni mmoja. Atazifungaje? Atazifunga mbio mbio, na kila atakachokiruka hakitaonekana. Rangi itang'aa vile vile na kengele italia vile vile. Bei ilipunguzwa kwenye kibao, ama kilichopunguzwa hasa ni saa za fundi, na anayelipa tofauti ni mtoto atakayeipanda.

Sisemi haya kwa kukisia. Idd moja mtaani kwetu, mtoto wa miaka minane aliteremka na baiskeli yake mpya kwenye mteremko uelekeao barabarani. Alipobana breki, waya ulichomoka kwenye skrubu yake kana kwamba haukupata kukazwa. Alhamdulillahi, alijitupa kwenye rundo la mchanga wa ujenzi, akapona na michubuko na jino moja. Baba yake alipoirudisha baiskeli dukani, duka ambalo sitalitaja, alionyeshwa kidole ukutani, palipoandikwa kwamba bidhaa zikiuzwa hazirudishwi.

Sisi wa pwani tuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi hula waya wa breki ndani ya mpira wake mahali jicho lisipofika. Baiskeli iliyokaa stoo mwaka mzima ikingoja msimu yaweza kuwa mpya kwa jina na kuukuu kwa waya. Tena mwaka wetu wa Kiislamu hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka wa jua, na Idd-ul-Fitri ya miaka 2022 hadi 2025 iliangukia kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Mei, wakati wa masika. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa, raba ya breki huteleza juu yake na baiskeli husimama mbali sana. Rimu ya alumini hushika vizuri zaidi. Muuzaji ajua hilo. Je, amemwambia mama anayenunua?

Ijumaa si nyeusi

Nisisahau msimu wa pili, ule wa mwezi wa Novemba. Siku hizi hata maduka ya mitaani kwetu hubandika tangazo la "Black Friday", yaani Ijumaa nyeusi. Jina hili lilianzia Philadelphia, Marekani, ambako polisi waliitia siku ya pili ya sikukuu yao ya Shukrani kwa msongamano wa magari na watu. Sisi hatuna sikukuu hiyo, na Ijumaa kwetu ni siku ya kuoga, kuvaa kanzu safi na kwenda msikitini. Mwaka 2014 wafanya biashara wa Ghuba waliona haya, wakaiita Ijumaa nyeupe. Sitaki kufanya ugomvi wa rangi, lakini naona ajabu kwamba tunakopa msimu wa watu, na jina lake, na tunasahau kukopa sababu yake. Kule duka humaliza mali ya mwaka kabla ya kuingiza mpya. Hapa duka lenye baiskeli sita lamaliza nini?

Aibu ya kitu isifichwe

Chuoni tulisomeshwa kwamba katika fiqhi ya biashara neno aibu maana yake ni kasoro ya kitu kinachouzwa, na kwamba muuzaji aijuaye yampasa aiseme. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, akakuta chini yake kuna umaji. Mwenye nafaka akasema ni mvua iliyoinyeshea. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu ili watu waione. Angalia hekima ya swali lile. Hakukatazwa kuuza nafaka iliyolowa, wala hakupangiwa bei. Alitakiwa aiweke juu.

Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi walieleza kwamba mnunuzi akiona kasoro ya zamani ambayo hakuijua, ana haki ya kukirudisha kitu bila ya kukawia. Muuzaji aliyeijua kasoro akaificha hajivui dhima kwa kuweka sharti la maneno. Basi kile kibao cha "bidhaa zikiuzwa hazirudishwi" hakimsafishi mtu mbele ya Mola wake. Mbele ya sheria ya nchi nako hakina nguvu kinayojidai. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 champa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kadiri, haki ya kupewa habari anazozihitaji, na haki ya fidia akiumia au akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo yakataza kumwambia mtu kwamba pana nafuu ya bei ilhali haipo. Dini na dola zimekutana hapa, na ni nadra kukutana pazuri namna hii.

Upande wa mwenye duka

Haki ina pande mbili, nami sikuandika bila ya kusikiliza upande wa pili. Mwenye duka mmoja, mtu mzima wa heshima zake, alinijibu hivi: "Ndugu yangu, kodi ya duka hupanda, gharama ya kuleta mzigo hupanda, na mteja huja akaipanda baiskeli kwangu, akaipima, akauliza kila kitu, kisha akaenda kununua kwengine kwa sababu kapunguziwa shilingi mia mbili. Ikiharibika hunirudia mimi. Nikimwambia malipo ya fundi, huona namwibia. Na nikitaja kila kasoro, nani atanunua?"

Maneno yake yana uzito, na sehemu yake kubwa ni lawama kwetu sisi wanunuzi. Tumejizoesha kubishania bei ya kitu na kuidharau kazi ya mkono. Wazee walisema rahisi yavunja upishi, nasi twaendelea kuvunja vyungu. Lakini swali lake la mwisho nalipinga. Mteja aliyeambiwa "hii ni rahisi kwa sababu rangi imechubuka hapa, na waya wa nyuma nimeubadilisha" hukumbuka duka hilo miaka. Atamleta nduguye, atakuja kununua tyubu, pampu na kufuli. Duka la mtaani haliwezi kushinda maduka makubwa kwa bei. Laweza kushinda kwa fundi na kwa neno lililonyooka, na hivyo viwili maduka makubwa hayanavyo.

Tufanyeje?

Kwa wenye maduka nina mapendekezo mawili. La kwanza, kwenye kibao cha bei ya Idd iandikwe na sababu, mstari mmoja watosha. La pili, badala ya kukata shilingi mia tano kwenye bei, mpeni mteja karatasi ya kurudi baada ya wiki mbili akazwe njiti na waya bila ya malipo. Njiti mpya na waya mpya hulegea baada ya kutumika kidogo, na fundi yeyote atakwambia hivyo. Punguzo la namna hiyo lina faida kwa mtoto, na lamrudisha mzazi dukani kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa wazazi nina machache pia. Usinunue kubwa kwa kusema atakua. Mtoto akiwa ameikalisha fremu katikati ya miguu yake, nyayo zote mbili zikanyage chini. Inua gurudumu ulizungushe, uangalie kama rimu yayumba. Bana kila breki kwa nguvu, uisukume baiskeli mbele, isiende. Tazama mnyororo una kifuniko, kwani kanzu, buibui na leso vikishikwa na mnyororo humwangusha mpandaji, na kwa msichana wetu hili ni kubwa kuliko gia kumi na nane. Kofia ya kinga nayo si pambo: itafute yenye alama ya EN 1078, ikae sawa juu ya mtandio mwepesi, na ikisha kupigwa dharuba moja kubwa, itupe. Taa na kengele usizisahau. Mwisho, dai risiti, iandikwe aina ya baiskeli na namba ya fremu, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kwa kuwa ukurasa huu umenizoea kwa mashairi, nayafunga haya kwa beti mbili, wa kwanza wa mnunuzi na wa pili wa muuzaji:

Kabla hujatoa pesa, uzungushe gurudumu,
Breki uibane hasa, uone kama yadumu,
Usivutwe na anasa, ya rangi na tabasamu,
Mtoto si wa msimu, ni wako wewe daima.

Nawe uliye dukani, kasoro yake itaje,
Usiifiche rangini, ikamwumize huko nje,
Bei ya haki, amini, ndiyo humfanya aje,
Mteja si wa msimu, ni wako wewe daima.